Kahawa chungu au kahawa ya chungu: ipi ikae kando ya tekila?

Mara ya kwanza kuonyeshwa jinsi ya kunywa tekila na kahawa, nilidhani nimeletewa kashata. Ilikuwa saa sita usiku, jikoni kwa mgahawa mmoja hapa Houston, tumeshafunga na sakafu bado mbichi. Mpishi mkubwa, mzee wa Los Altos, jimbo la Jalisco huko Meksiko, aliweka mbele yangu vitu vitatu: glasi ya tekila yenye rangi ya nyasi kavu, kikombe cha udongo kinachofuka harufu ya mdalasini, na kipande cha karanga zilizogandishwa kwa sukari. Nikakishika kile kipande, nikacheka. Kashata ya karanga, ile ile ya Korogwe, ila hii imekatwa mraba sawasawa. Wao wanaiita palanqueta. Kisha nikafanya kosa: nikaipiga ile tekila toti moja, shingo nyuma, kama tulivyozoea. Mzee hakusema kitu. Alinyanyua glasi yake, akaonja kiasi cha kulowesha midomo, akauma karanga, akatulia, ndipo akanywa kahawa. Glasi yangu akaiacha tupu mpaka alipomaliza yake, na hiyo ilichukua nusu saa nzima.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiandaa meza hiyo nyumbani, mara kwa wageni wa Kimeksiko, mara kwa Watanzania wenzangu ambao wengi tekila wanaijua kwa chumvi na ndimu tu. Swali linalorudi ni lile lile: ninunue chupa ipi, nipike kahawa gani, na kitamu gani kikae kati? Wengi huanza na chupa kwa sababu ndiyo inayokula hela. Mimi naanza na kahawa. Kahawa ndiyo yenye sauti kubwa pale mezani, na ukikosea hapo, hata chupa ya bei mbaya utaimaliza usijue ulichokunywa.

Na mtu asikudanganye kwamba hii ni mila ya kale ya Wameksiko. Mwenzi wa tekila wa siku nyingi huko Jalisco ni sangrita, maji ya chungwa na ndimu yenye pilipili, yanayonywewa kwa glasi ya pembeni. Kahawa huingia baada ya chakula, wakati wanaouita sobremesa: sahani zimeondolewa, hakuna anayenyanyuka, maneno ndiyo kwanza yanaanza. Aliyekulia pwani anaujua wakati huo, ila sisi tuna baraza na hatuna glasi.

Kahawa mbili, sukari mahali pawili

Café de olla, ukiitafsiri neno kwa neno, ni kahawa ya chungu. Maji huchemshwa kwenye chungu cha udongo pamoja na kijiti cha mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru kabisa, ile ile iliyogandishwa kwenye kalibu. Wengine hutia karafuu moja mbili au ganda la chungwa. Kahawa iliyosagwa kwa kukwaruza hutiwa mwishoni, chungu kinaepuliwa, kinafunikwa dakika tano, kisha inachujwa. Inatoka nyepesi, tamu, yenye harufu ya viungo, na uchungu wake unausikia kwa mbali.

Kahawa chungu ni yetu. Imekaangwa mpaka ikawa nyeusi, ikatwangwa laini, ikachemshwa ndani ya mdila juu ya makaa, pengine na tangawizi au iliki. Ndani hamna hata chembe ya sukari. Espreso ya mashine haina viungo, lakini tabia zao ni moja: kikombe kidogo, kinywaji kizito, uchungu mbele.

Watu husema tofauti ya hizi mbili ni viungo. Kwa mnywaji wa tekila, tofauti kubwa ni mahali ilipo sukari. Kwenye kahawa ya chungu sukari imo kikombeni, kwa hiyo kitamu cha mkononi kisizidishe sukari. Kilete karanga, chumvi kidogo, kitu cha kutafuna. Kwenye kahawa chungu sukari yote iko mkononi, ndiyo maana kashata na tende zikawekwa pale tangu awali. Ukilielewa hili, chupa utaichagua mwenyewe bila kuuliza mtu.

Ndugu wa mkonge

Aliyekulia Tanga hana haja ya kuelezwa sana kuhusu mmea wenyewe. Mkonge wetu, Agave sisalana, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Asili yake ni huko huko Meksiko, na miche aliyoagiza ilitokea Florida. Kati ya miche elfu moja, iliyofika hai ilikuwa 62. Tekila hutengenezwa kwa ndugu yake mwenye majani ya bluu, Agave tequilana. Sisi tunavuna majani tupate nyuzi. Wao wanayafyeka majani kwa jembe la duara liitwalo coa na kuyaacha shambani, maana wanachokitaka ni kile kichwa cha katikati, kikubwa kama nanasi la ajabu, na ndiyo maana wanakiita piña. Kichwa cha kilo 40 ni cha kawaida. Mkonge ukizeeka hurusha mlingoti wa maua, sivyo? Wao mlingoti ukichomoza tu wanaukata, sukari isipande juu, ibaki chini kwenye kichwa. Mmea huchukua miaka 6 hadi 8 hivi kukomaa, na ukishavunwa umekwisha.

Vichwa hivyo huokwa. Katika viwanda vya kizamani ni tanuri la matofali, kwa siku moja na zaidi, mpaka nyama yake inakuwa ya kahawia na kuanza kutoa asali. Ladha yake ni kama kiazi kitamu kilichochomwa na kutiwa maji ya muwa. Hapa ndipo tekila na kahawa zinapokutana: zote mbili zimepita motoni, sukari yake ikababuka. Tekila iliyotengenezwa kwa njia za mkato, ambapo sukari inakamuliwa kwa mashine kabla hata kichwa hakijaiva, haina ule mbabuko, na ukiiweka kando ya kahawa unabaki na spiriti na kahawa, kila mmoja na lake.

Reposado na kahawa ya chungu

Nianze na jozi ninayoipenda kuliko zote. Reposado ni tekila iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miezi isiyopungua 2. Muda huo unatosha kuipa vanila na kiasi cha asali, lakini hautoshi kuua pilipili na majani mabichi ya mmea wenyewe. Ndiyo sababu inastahimili kahawa tamu. Kahawa ya chungu ikiwa na mdalasini na sukari guru, kitu chochote laini ukikiweka kando yake kinazama; reposado inasimama kwa sababu bado ina makali.

Kitamu chake ni palanqueta, na hapa Mtanzania ana bahati, kwa kuwa kashata ya karanga inafanya kazi ile ile bila kuagiza kitu. Karanga ziwe zimekaangwa sana, karibu kuungua, na sukari iwe ya kushika tu. Kashata ya nazi, ndugu ya cocada yao, ni tamu zaidi na ina mafuta. Inafaa, lakini kata kipande nusu. Kuna kingine kizuri ambacho huwashangaza wageni: alegría, vitumbua bapa vya mbegu za mchicha zilizobisishwa na kushikanishwa kwa asali. Ndiyo, mchicha, jamii ile ile ya mboga yetu. Ni chepesi, kinavunjika mdomoni kama bisi, na hakigombani na mtu yeyote.

Kasoro ya jozi hii ni moja. Ukizidisha mdalasini, utakunywa mdalasini usiku kucha. Kijiti kimoja kwa lita moja kinatosha.

Añejo na kahawa chungu

Añejo imelala pipani mwaka 1 au zaidi, na kisheria pipa lenyewe lisizidi lita 600. Mengi ya mapipa hayo yaliwahi kubeba wiski ya Marekani, kwa hiyo tekila inatoka na vanila, sukari iliyobabuliwa, na ukavu wa mbao unaoshika ulimi pembeni kama chai iliyokaa sana. Ukiiweka kando ya kahawa ya chungu inageuka sharubati: tamu juu ya tamu, mmea umepotea. Iweke kando ya kahawa chungu au espreso fupi, ndipo unashangaa. Uchungu wa kahawa unauondoa ule utamu wa pipa uliofunika, na chini yake unakuta agave iliyookwa bado ipo.

Kitamu sasa kiruhusiwe kuwa kitamu kweli. Chaguo langu ni cajeta, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa taratibu na sukari mpaka yakawa mazito, ya rangi ya kahawia. Mji wa Celaya, jimbo la Guanajuato, ndio unaosifika kwayo. Kijiko kimoja cha chai, na punje mbili tatu za chumvi juu. Uchachu mdogo wa maziwa ya mbuzi unafanya kazi ambayo maziwa ya ng'ombe hayaiwezi. Usipoipata, tende laini inatosha, na pengine ni bora, kwa sababu ladha yake inaelekea kule kule kwenye agave iliyookwa. Wenye kwenda Guadalajara waulize jericalla, kastadi ya mayai na maziwa iliyobabuliwa juu kwa makusudi. Ile ngozi nyeusi peke yake ina haki ya glasi nzima ya añejo.

Chokoleti nyeusi nimeiacha nyuma nikijua nitalaumiwa, maana kila anayeandika kuhusu tekila anaitaja kwanza. Tatizo langu ni hesabu: mbao kavu, kahawa chungu, kakao chungu. Vitu vitatu vinavuta upande mmoja na mdomo unakauka. Ukiipenda chokoleti, basi punguza uchungu kwenye kahawa, au tumia chokoleti ya mezani ya Kimeksiko, ile ya chengachenga yenye sukari na mdalasini.

Na halua? Nimeijaribu, ya Zanzibar halisi, aliniletea jamaa aliyetoka likizo. Samli inaufunika ulimi, zafarani na iliki zinasema kwa wakati mmoja, na tekila inakuwa kama haikuja. Halua ibaki na kahawa yake bila kileo. Wenyewe walioianzisha hawanywi, na wanajua wanachofanya.

Blanco ni ya mwenye subira

Blanco haijalala pipani, au imelala chini ya miezi 2. Ndiyo tekila ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa haina mahali pa kujificha: limau, pilipili manga, udongo uliolowa, mmea mtupu. Inayotoka Los Altos, nyanda za juu kwenye udongo mwekundu, mara nyingi huwa na matunda na utamu zaidi. Ya bondeni, kuuzunguka mji wa Tequila wenyewe na volkano yake, huwa na majani na udongo. Si sheria, ni mwelekeo.

Lakini kwa kahawa, blanco ni ngumu. Kahawa iliyokaangwa sana inaifanya iwe na ladha ya dawa. Inahitaji kahawa iliyokaangwa kidogo, ya kuchuja kwa karatasi, yenye ukali wa matunda. Ya Chiapas au Veracruz kama unataka kubaki Meksiko, ya Kilimanjaro kama una ndugu wa kukutumia. Kitamu ni ate, mapera yaliyopikwa na sukari mpaka yakagandia kama sabuni, yakakatwa vipande na kuliwa na jibini yenye chumvi. Pipi za ukwaju zenye pilipili ziweke mbali. Zinapendeza na blanco, ila kahawa haina nafasi baada yake. Ubuyu wa pilipili hali kadhalika.

Kama hupendi kupimapima, achana na jozi hii. Kunywa blanco kabla ya chakula na sangrita, ukisubiri kahawa na chupa nyingine.

Extra añejo ni kundi lililoongezwa mwaka 2006, tekila yenye miaka 3 na zaidi pipani. Ni ghali, nzuri ni nzuri kweli, na kuiwekea kahawa ni kumwaga pesa bure. Cristalino, yaani tekila iliyolazwa kisha ikachujwa kwa mkaa mpaka ikawa nyeupe tena, ni laini na ina vanila. Kahawa yoyote inaimeza.

Kando ya kikombe au ndani yake?

Wameksiko wana café con piquete, kahawa yenye mchomo, kama kuumwa na mdudu: kijiko au viwili vya pombe kali ndani ya kikombe cha moto. Asubuhi ya baridi milimani ina maana yake. Ukiamua njia hii, usitie chupa ya maana. Joto linarusha harufu zote nzuri hewani na kinachobaki ni mchomo. Reposado ya bei ya chini inatosha mradi iwe ya agave tupu. Kuna pia carajillo, ambayo Meksiko siku hizi hutengenezwa kwa espreso, barafu na likari tamu ya Kihispania. Ni kinywaji cha kupendeza, ila hakina tekila, na ukiagiza ukidhani unayo utashangaa.

Mimi ni mtu wa kando. Ukichanganya umepata ladha moja. Ukitenganisha, kila funda linabadilisha lile linalofuata.

Chupa isome kabla ya kuilipia

Tafuta maneno 100% de agave. Yasipokuwepo, hiyo ni mchanganyiko: sheria inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwingine, kama miwa, na kwenye kahawa utaisikia mara moja, inaacha utamu wa pipi na kichwa kizito kesho yake. Rangi ya dhahabu si ushahidi wa umri, inaweza kuwa karameli. Hata tekila ya agave tupu inaruhusiwa viongezo visivyozidi asilimia 1, vikiwemo karameli, gliserini na sharubati ya sukari, bila kuandikwa kwenye lebo. Ukikuta añejo inayonukia keki kabla hujaifikisha puani, shuku.

Halafu tazama neno NOM na tarakimu nne. Hizo ni namba za kiwanda, na chapa kumi tofauti zenye majina ya mashamba na mababu zinaweza kuwa na namba moja. Ukitaka majina ya kuanzia, viwanda vinavyotengeneza Siete Leguas, El Tesoro na Fortaleza bado vinatumia tahona, jiwe kubwa la kusaga agave iliyookwa, na ladha ya kuokwa unaisikia waziwazi.

Mwenye fedha ya chupa moja anunue reposado. Inakubali kahawa ya chungu bila shida, na kwa kahawa chungu pia haikuaibishi ukiongeza tende. Añejo inunue baadaye, ukishajua kwamba kahawa yako ni ile isiyo na sukari.

Mezani

Mililita 30 hadi 45 za tekila kwa mtu, kwenye glasi ndogo ya mvinyo. Kile kiglasi chembamba cha toti kinakuletea pombe puani na kukunyima mengine. Kahawa isiwe ya moto wa kuunguza. Kileo huufanya ulimi uhisi joto kuliko lilivyo, kwa hiyo kahawa inayovumilika peke yake itakuchoma baada ya tekila. Iache ipoe mpaka uweze kukishika kikombe kwa kiganja.

Anza na tekila mdomo ukiwa safi. Kitamu kifuate, kidogo. Kahawa iwe ya mwisho, kisha maji, kisha unarudi mwanzo. Ukianza na kitamu, tekila itaonekana kali na chachu bila kosa lake. Nimeona watu wakiilaumu chupa nzuri kwa sababu hiyo tu. Na kahawa haikupunguzii ulevi hata kidogo, inakuondolea usingizi tu, ndiyo sababu mtu anajiona mzima akachukua funguo za gari. Kwetu glasi ni mbili, na anayeendesha anakunywa kahawa na kashata peke yake, ambayo kusema kweli si hasara.

Mwezi uliopita nilimwalika yule mzee nyumbani, zamu yangu. Nilitia tangawizi kwenye mdila, nikamimina kahawa kwenye vikombe visivyo na mkono, nikaweka añejo yake pembeni. Alionja tekila, akaikubali kwa kichwa. Akanyanyua kahawa, akapiga funda, uso ukakunjamana, akatazama mezani huku na huku akitafuta sukari. Nikamsogezea sahani ya tende.